Muulize Anti: Nimekulia filamu za Kichina, bosi wangu Mchina hajui hata wimbo wetu mmoja

SWALI: Shikamoo Anti. Mi kijana wa Tandika, nauza duka la mabegi Kariakoo, bosi wangu Mchina. Sasa mi nimekulia kibanda umiza, filamu za kung fu nimeangalia mpaka basi, nikajua nikipata kazi kwa Mchina tutapiga stori mpaka jioni. Wapi! Tunaongea bei tu, anabonyeza kalkuleta ananigeuzia, na mi nabonyeza namgeuzia, wateja wanatucheka. Juzi nimemtajia Diamond, hamjui. Si wanasema dunia imekuwa kijiji na simu kila mtu anayo, sasa kinachotuzuia nini? Au ni dharau?

JIBU: Marahaba mwanangu. Dharau mi sidhani. Kwanza hizo filamu ulizokulia, ulisikiliza Kichina lini? Ulimsikiliza DJ, kijana wa hapahapa mjini, kapunguza sauti ya filamu anakusimulia yeye, huyu anamdai yule, huyu demu wake, na utani wa uswahilini anaongezea humohumo. Yaani hao Wachina ulitambulishwa na kaka yako. Yeye bosi wako kule kwao nani alimsimulia habari za Tandika? Halafu nyingi ya zile filamu za zamani zilitoka Hong Kong, ilikuwa bado chini ya Mwingereza mpaka 1997, na Kichina chao ni Kikantoni, kwa hiyo ukimpigia mayowe ya kung fu uliyoyashika pale kibandani usishangae akikutolea macho.

Sasa njoo kwenye simu, maana hapa ndo penye shida yenyewe. YouTube, ambako ndo Bongo Fleva nzima imejaa, kule China imefungwa tangu 2009, Facebook hivyohivyo. TikTok unayoshinda nayo wewe ni ya kampuni ya Kichina lakini China bara haipo, wao wana ya kwao inaitwa Douyin, klipu za huku haziingii kule hivihivi. Kwa hiyo bosi wako mpaka anapanda ndege kuja Dar, huyo Diamond angekutana nae wapi? Na hata hapa Kariakoo mchungulie simu yake, utakuta yuko WeChat, ile ya Wachina ya kuchatia, na ndugu zake. Mnakaa duka moja ila kwenye intaneti kila mtu na mtaa wake.

Na hili la upande mmoja kusema na mwingine kusikiliza halijaanza leo. Mwaka 1980 tume moja ya wataalamu, ya MacBride, iliiandikia UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, ripoti kwamba habari na burudani za dunia zinamiminika kutoka nchi tajiri kwenda maskini, kurudi ni chache mno. Ugomvi ukawa mkubwa, Marekani ikajitoa UNESCO mwishoni mwa 1984, Uingereza ikafata 1985, sababu zilikuwa nyingi ila hili nalo lilikuwemo. Siku hizo lawama zote kwa Wazungu. Wachina nao hawakulala, redio yao ya Kiswahili ilianza 1961, mwaka uleule tuliopata uhuru, na 2011 TBC wakaonyesha tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake, Wachina wanagombana sebuleni kwa Kiswahili safi. Ile kazi ya kutia sauti ni hela bwana, na walitoa kwa sababu wanataka kujulikana. Za kwetu nani kazitilia Kichina?

Utaniambia mbona Kili Paul. Kweli, yule Mmasai wetu India wanamjua mpaka waziri mkuu wao Modi alimtaja redioni Februari 2022, nilifurahi sana. Lakini wamempenda akifuatisha nyimbo zao kwa mdomo kwenye klipu. Siku wakicheza singeli kule Mumbai nistue.

Wewe usingoje serikali. Shusha nyimbo zako mbili tatu, mtumie hukohuko WeChat aliko, mchana mpelekee na chipsi mayai muweke kalkuleta pembeni. Na ukipata nafasi, pale Chuo Kikuu cha Dar kuna Taasisi ya Confucius wanafundisha Kichina, kaulizie. Usianzie maneno ya bei, hayo mshamalizana.

SWALI: Anti, mke wangu usiku rimoti hashiki mtu, tamthilia za Kituruki mpaka wali unaungua. Nifanyeje? Baba wa Mbagala.

JIBU: Shemeji, hao wanatazamwa nchi zaidi ya 100, huwawezi. Na Azam wameshawatilia Kiswahili kwa hiyo huna kisingizio, kaa nae uangalie. Wali ukianza kunukia vibaya, jiko unalijua liliko, kaepue.