Bomba limeganda na mama si mzoefu wa baridi

Dada yangu, nimekuelewa: theluji imefunga barabara zenu huko Leeds, Uingereza, bomba la maji limeganda, na mama aliyefika juzi kutoka Mombasa anatetemeka. Funga kwanza koki kuu, fungua mfereji, kisha lipashe bomba taratibu kwa taulo lililochovywa katika maji ya uvuguvugu, ukianzia upande wa mfereji. Usilimwagie maji yanayochemka, kwani hupasuka. Langu lilipasuka hivyo, dari yote ya sebule ikalowa. Chumba cha mama kisipungue nyuzi 18, na jiko la mkaa lisiingizwe ndani kamwe, maana hewa yake huua kimya kimya. Umeme ukikatika, piga 105. Mama akisinzia kupita kiasi, akichanganyikiwa au akikokota maneno, piga 999 mara moja.