Barua kwa mwanangu: kabla hujajaza fomu ya isimu tumizi

Nyegezi, Mwanza

Mwanangu,

Marahaba. Hapa nyumbani wote wazima.

Umeniuliza mambo mawili: mwalimu wa Kiswahili wa sekondari kama wewe atafaidika nini na shahada ya uzamili ya isimu tumizi na mawasiliano, na kama atafaidika, aanzie wapi. La kwanza nalijibu kwa ufupi, maana la pili ndilo lenye kazi.

Isimu uliyoisoma shahada ya kwanza ilikuuliza Kisukuma kina vokali ngapi (saba, wakati Kiswahili kina tano). Isimu tumizi huanzia pale lugha inapomkwamisha mtu: mgonjwa ametoka dirisha la dawa hajui 1x3 aliyoandikiwa maana yake nini, mwanafunzi amefaulu darasa la saba kwa Kiswahili, anafika kidato cha kwanza anakutana na baiolojia kwa Kiingereza, shahidi anayejua Kikerewe peke yake anasimama mahakamani, ambako tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 lugha ni Kiswahili. Kama mambo ya namna hii yanakukera kiasi cha kutaka kuyapima, soma. Kama unatafuta cheo tu, shahada ya uongozi wa elimu itakufikisha mapema zaidi.

Usishangae orodha ya vitabu ikijaa ufundishaji wa Kiingereza. Taaluma hii ilikulia huko. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianzisha skuli yake ya isimu tumizi mwaka 1957 kikiwa na walimu wa Kiingereza akilini. Utavumilia.

Neno la kuogopa kwenye jina la shahada ni "mawasiliano". Chuo kimoja hukusudia redio na magazeti, kingine mahusiano ya umma, kingine mazungumzo ya watu ana kwa ana. Hapa jirani, Malimbe, SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) inajulikana zaidi kwa mawasiliano ya umma. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili) ndiyo nyumba ya Kiswahili. Usiamue kwa jina. Omba orodha ya kozi. Tafuta isimujamii, pragmatiki (maana ya maneno kufuatana na muktadha), uchanganuzi wa usemi, na mbinu za utafiti zenye mazoezi ya kurekodi na kunukuu, yaani kuandika neno kwa neno kilichosemwa. Hii ya mwisho ikikosekana, acha. Kisha soma walichoandika walimu wa idara hiyo miaka ya karibuni, kwa sababu mmoja wao ndiye atakayekusimamia, na msimamizi asiyejua eneo lako atakurudishia sura zako zikiwa zimesahihishwa koma tu. Ukiomba Uingereza, kozi ni mwaka mmoja, krediti 180, na 60 kati yake ni za tasnifu. Hakuna nafasi ya kufika kule ndipo utafute mada.

Ndiyo maana nasema: mada kwanza, chuo baadaye. Mihadhara haimwangushi mtu. Wengi hukwama kwenye tasnifu, na hukwama kwa sababu walianza na neno kubwa, "changamoto za mawasiliano Kanda ya Ziwa", ambalo halina mlango wala dirisha.

Chukua mfano wa hapa ziwani. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa kwa ngazi: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Tuseme redio inatangaza angalizo la upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2. Mvuvi wa dagaa kambini Ukerewe, ambaye nyumbani husema Kijita, anasikia nini? Je, kwake angalizo ni dogo kuliko tahadhari, au yote mawili ni "wametuonya"? Kilomita kwa saa anazipima na nini, wakati upepo yeye anaujua kwa upande unakotoka? Hapo kuna swali la utafiti lenye mtu, maneno na mahali. Linajibika kwa miezi michache.

Sasa tazama linavyoweza kuharibika. Ukimuuliza "umeelewa?" atajibu "ndiyo", kwa heshima na kwa kuwa ana kazi zake. Mchezeshee tangazo mara moja, halafu mwombe amweleze mwenzake anayeshusha mtumbwi, kwa lugha wanayotumia wao. Anachokiacha na anachokibadilisha ndiyo data yako. Usiende siku za giza. Usiku wanavua na taa, mchana wamelala au wanaanika. Nenda mbalamwezi ikiwa kubwa, wakati wavuvi wa dagaa wako nchi kavu wakishona nyavu. Kalenda ya mwezi iweke kwenye ratiba ya pendekezo lako kabisa, maana ukikosa wiki hiyo, unangoja mwezi mwingine.

Vibali navyo: barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo wilayani, halmashauri, kisha mtendaji wa kijiji na viongozi wa mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga. Tenga mwezi mzima. Fomu ya ridhaa isomwe kwa sauti kwa lugha ya msikilizaji. Kumsainisha mtu karatasi asiyoielewa, kwenye utafiti wa kuelewa lugha, ni aibu ya aina yake.

Halafu hesabu ya unukuzi, ambayo hakuna anayeipiga mapema. Watu 20 kwa nusu saa ni saa 10 za sauti. Saa moja ya sauti safi hula kama saa 6 za kunukuu. Kwa hiyo 60. Ukitafsiri kutoka Kijita, zidisha mara mbili: 120. Kwa saa 4 kila jioni baada ya vipindi, ni siku 30 bila kupumzika hata Jumapili. Kama unataka kuonyesha vituo, kuingiliana kwa sauti na pumzi, ongeza tena. Rekodi kwa WAV, 44.1 kHz, biti 16, sauti ya mono. Saa moja ni kama MB 318, hivyo zote zinaenea kwenye kadi ndogo tu. Kinachoua rekodi ufukweni ni upepo: kivishe kinasasauti sponji, kaa upande wa ukuta usiopigwa. Usiku huohuo nakili faili sehemu mbili. Programu ya ELAN itakusaidia kuoanisha sauti na maandishi, Praat kupima sauti yenyewe, na zote hazilipiwi.

Kuna ugonjwa mmoja wa tasnifu zetu ambao sitaki uuambukizwe: fomula ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli. Mtu ana mahojiano ya kina, lakini kwa kuogopa jopo anaandika kwamba wavuvi ni 1,000, kosa ni 0.05, kwa hiyo sampuli ni 286. Nani atanukuu mahojiano 286? Akishtuka anabadilisha kosa liwe 0.1, sampuli inashuka hadi 91, na bado haielezi kitu. Fomula hiyo ni ya hojaji za kukadiria asilimia. Kwa mazungumzo, eleza kwa nini hawa 20: wangapi manahodha, wangapi vibarua wapya, lugha zao, umri wao; simama pale majibu yanapoanza kujirudia, na useme ni mhojiwa wa ngapi.

Ukishapanga majibu kwenye makundi, mpe mtu wa pili apange sehemu bila kuona yako. Mkikubaliana 80 kwa 100 usifurahi mapema. Kama bahati tu ingewapa 50, kapa ya Cohen, kipimo cha makubaliano baada ya kuondoa bahati, ni 0.6 basi. Rudi uandike upya maelezo ya makundi.

Kuhusu sifa: GPA ya 2.7 ndiyo chini ya kuingilia, na wewe umeivuka. Chuo cha nje kihakiki kwanza kwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kabla hujalipa hata senti, kwa sababu cheti kisichotambuliwa hakikupandishi daraja.

Niandikie sentensi tatu tu, zisizidi: nani anamwambia nani nini, inakwama wapi, na utajuaje kwamba imekwama. Usitumie neno "changamoto". Zikifika nitazisoma na kalamu nyekundu, halafu tutazungumza habari za ada.

Mama yako