Mimba ya pili: nilivyojiandaa baada ya kumwaga damu uzazi wa kwanza

Mdogo wangu, umesema uzazi wa kwanza ulimwaga damu nyingi, sasa una mimba ya miezi sita na usiku hulali ukiwaza leba. Nakujibu kwa kirefu maana nilipita humo humo. Wa kwanza nilimzaa 2018, wa pili 2022. Mimi si nesi, nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, kwa hiyo hapa nasimulia yangu tu.

Nianze na kilichonituliza roho. Uzazi wa kwanza nilizalia kituo fulani, damu ikatoka, nikazimia. Nilipozinduka nimetundikiwa dripu na hakuna aliyenieleza kitu. Miaka minne nikabaki na maneno ya majirani, eti nimerogwa, eti nina kizazi kibaya. Mimba ya pili, kliniki ya kwanza kabisa, nikaenda na kadi ya zamani na kumsimulia mkunga yote. Akasoma, akaniuliza: kondo la nyuma lilitoka lenyewe au walilitoa kwa mkono? Sikujua hata kama kuna swali la hivyo. Kumbe iliandikwa pale pale kwenye kadi, kipande cha kondo kilibaki ndani. Miaka minne yote karatasi iko kwenye sanduku langu! Usiku ule nililala. Na wewe itafute kadi yako, na kama imepotea, waeleze hivyo hivyo unavyokumbuka.

Akaniambia pia kwamba aliyewahi kumwaga damu anaweza kumwaga tena, kwa hiyo zahanati ya mtaani nisahau, nizalie hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji.

Sasa damu yenyewe. Walipopima wingi wa damu nilikuwa na 9.2, na mjamzito anatakiwa asishuke chini ya 11. Vidonge vya kuongeza damu nilikuwa nameza, tena kila siku, ila nameza na chai ya rangi. Mkunga akacheka. Chai inazuia dawa isiingie mwilini, meza na maji na chungwa. Halafu pemba. Nilikuwa natafuna ule udongo kama karanga, na wenyewe unazuia madini ya chuma vile vile. Kuacha kulinishinda wiki mbili za kwanza, sikudanganyi. Akataka na choo kipimwe, maana sisi wa ziwani tunashinda majini. Nikakutwa na kichocho, nacho kinamaliza damu kimyakimya. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa imepita, nikapewa dawa. Ongeza SP za malaria nilizokunywa kliniki, chandarua, dagaa na majani ya maboga. Mwezi wa nane wa mimba nikasoma 11.3.

Ulizia na kundi lako la damu. Ukiwa hasi, yaani kundi lenye alama ya kutoa kama O-, waambie mapema, kuna sindano yake, na kwa mimba ya pili jambo hilo lina uzito zaidi. Mimi kaka yangu na shemeji walishakubali kuja kutoa damu saa yoyote simu ikilia.

Jambo ambalo wengi hawakwambii: wa pili huwahi. Wa kwanza nilihangaika naye siku nzima, nikajua nitakuwa na muda. Tunakaa Bugarika, juu kabisa kwenye mawe, bodaboda anaishia chini. Hebu fikiria kushuka yale mawe usiku na uchungu. Wiki ya 37 nikahamia kwa wifi yangu Nyakato, karibu na barabara. Mama mkwe akasema, "Mimba ndiyo inakuhamisha mji?" Uchungu ulianza saa nane usiku, saa kumi na nusu mtoto analia. Ningekuwa Bugarika ningezalia njiani. Mlio visiwani, kama Ukerewe, njooni mapema zaidi, kivuko hakisubiri uchungu wa mtu. Na ipo namba 115, kupiga ni bure, wanatafuta usafiri wa dharura kwa mjamzito.

Mama mkwe huyo huyo aliniletea chupa ya mizizi ya kuharakisha uchungu. Nilipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikaenda kumwaga chooni. Kipimo chake hakijulikani, na uchungu ukija kwa kishindo kizazi kinaweza kuchanika, hasa kwa sisi tuliokwisha kuzaa. Mpaka leo anaamini dawa yake ndiyo ilinifanya niwahi.

Leba nilipofika tu nilisema: uzazi uliopita nilimwaga damu. Nilisema kwa kila aliyeingia zamu. Mtoto alipotoka nikachomwa sindano ya pajani ya kubana kizazi, kondo likakaguliwa mbele yangu, zima.

Kitu kimoja kilinishtua baadaye. Kila nikinyonyesha, tumbo linasokota kuliko la mtoto wa kwanza, nikadhani mambo yameharibika. Nesi akasema ni kizazi kinarudi mahali pake, na kwa uzazi wa pili huuma zaidi. Ila damu ikijaza pedi haraka haraka, au ukisikia kizunguzungu, usingoje, ita mtu.

Sasa niambie, unakaa mlimani au tambarare? Na kadi ya kwanza unayo?