Reli za Kichwa cha Treni Namba 123

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaunda mfano mdogo wa kichwa cha treni namba 123 cha Caledonian Railway, kampuni ya zamani ya reli ya Uskoti, milimita 4 kwa kila futi. Nitumie reli za upana gani?

JIBU: Upana halisi kati ya reli mbili, milimita 1,435, kwa kipimo chako unakuwa milimita 18.83, ilhali reli za kawaida za madukani zina 16.5 tu, na kasoro hiyo huonekana wazi mfano ukitazamwa kwa mbele. Chagua 18.83, ingawa kazi itaongezeka, kwani uzuri wa injini hii ya Glasgow ya mwaka 1886 umo katika jozi yake moja ya magurudumu makubwa ya kuendeshea, yenye kipenyo cha futi 7, yaani milimita 28 kwako. Kuhusu rangi ya buluu ya injini hiyo, picha za zamani zisizo na rangi hazitakusaidia. Injini yenyewe imehifadhiwa Riverside Museum, Glasgow.