Virusi havionekani kwenye kipimo, vimejificha wapi?

SWALI: Shikamoo dokta. Natumia ARV mwaka wa nne sasa sijaruka dozi, majuzi CTC (kliniki ya VVU) wakaniambia virusi havionekani. Sasa si vimeisha? Mbona jirani yangu aliambiwa hivyohivyo, akaacha dawa, miezi miwili tu vikarudi vingi? Vilikuwa wapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana, miaka minne bila kuruka dozi si kazi ndogo.

Iko hivi, kirusi cha UKIMWI (VVU) kikiingia kwenye seli ya CD4, ile askari wa kinga ya mwili, kinageuza RNA yake, yaani maelekezo yake ya kujizalisha, iwe DNA kama ya jeni zako, halafu kinaichomeka ndani ya DNA yako wewe, na ikishachomekwa hakuna kidonge cha kuing'oa. Hiyo TLD unayomeza ni kidonge kimoja chenye dawa tatu, tenofovir na lamivudini zinazuia ile kugeuza, dolutegravir inazuia kuchomeka, yaani inalinda seli ambazo bado ni salama. Iliyoambukizwa zamani ikalala haitoi virusi, na kipimo kinahesabu virusi vya kwenye damu, ndo maana hakiioni.

Sasa nini kinaiamsha? Hapa ndo pananishangaza kila siku. Kirusi kina protini yake inaitwa Tat. Mashine ya seli inayonakili jeni ikianza kunakili za kirusi huwa inakwama mapema sana, inaandika herufi kama 60 hivi kati ya karibu 9,700, inasimama. Hako kakipande ka RNA kanajikunja kama kibanio cha nywele, kanaitwa TAR. Tat inakuja inakang'ang'ania, tena haiji peke yake, inakokota protini za seli yako mwenyewe, saiklini T1 na CDK9, hiyo CDK9 inaibandika mashine fosfeti, kakemikali kadogo ka kuiwasha, na mashine inatimua mbio mpaka mwisho wa jeni. Na kutoka kwenye nakala hizo zinatengenezwa Tat zingine, nazo zinarudi palepale kusukuma tena, ni kama moto unaojimwagia mafuta ya taa wenyewe.

Kwenye seli iliyolala saiklini T1 ni chache na CDK9 nyingi imefungiwa, kwa hiyo Tat haifikii kiwango cha kuwasha huo moto. Seli ikishtuliwa, mfano inapambana na ugonjwa mwingine, vinapatikana vyote na virusi vinaanza kumwagika. Ukiwa kwenye dawa vinatoka havina pa kwenda. Jirani yako hakuwa tena na kinga hiyo ya dawa, na mara nyingi virusi hurudi wiki chache tu baada ya kuacha.

Watafiti wanajaribu dawa ya kuifunga Tat yenyewe ili seli zilale moja kwa moja, ila kwenye vidonge tunavyogawa kliniki hakuna hata kimoja kinachoigusa. Jirani mwambie arudi kliniki kesho asubuhi, asione aibu kabisa, watampima na kumrudishia dawa, na kama anaogopa kwenda peke yake msindikize.