Utepe wa kwanza umegoma na mkojo umerudi, usikimbilie operesheni ya pili kabla ya vipimo

Dada pole sana. Umesema uliwekewa utepe, ule wa plastiki wa kushikilia njia ya mkojo isivuje, miaka mitatu nyuma, ukakauka kabisa, sa hivi ukikohoa au ukipiga chafya unalowa tena na daktari anataka akuwekee mwingine, unauliza ukubali au la. Mi nimepitia hayohayo.

Usikubali kabla hujapimwa yurodainamiki. Wanapitisha kampira kembamba, wanajaza kibofu maji polepole huku mashine inasoma presha, unaambiwa kohoa, halafu unakojoa na penyewe wanapima. Aibu ipo sikufichi, ila ndo kilichonisaidia, maana nlikuwa najua shida ni ileile ya kukohoa kumbe kibofu nacho kilikuwa kinajikaza chenyewe, na hiyo utepe hauitibu, inaweza hata kuzidi. Nikaanzishiwa dawa kwanza na mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga miezi mitatu na mtu wa fizio, sio yale ya kuhadithiwa. Wakaingiza na kamera kuangalia kama utepe wa zamani haujatoboa kibofu au njia ya mkojo, hili usiache liwapite.

Haraka ya kubanwa ikatulia lakini nikicheka bado navuja, ndo tukaja kwenye kisu. Utepe wa pili unasaidia wengi ila matokeo huwa chini kuliko ya ule wa kwanza. Sindano za kujaza kuta za njia ya mkojo ni nyepesi, ganzi ya hapohapo tu, ila mara nyingi unarudia. Kuna ile ya Burch ya kushona kuinua shingo ya kibofu, ya tangu 1961. Mi plastiki tena sikutaka, nikachagua wakate kipande cha utando mgumu wa tumbo langu mwenyewe wakatengenezea mkanda wa kushikilia njia ya mkojo badala ya utepe. Kidonda kikubwa, maumivu ya kweli, na kwa wiki tano mkojo ulikuwa hautoki wote ikabidi nijifunze kujiwekea katheta, kampira ka kutolea mkojo, mwenyewe, nililia siku ya kwanza. Uliza hilo mapema, uambiwe likitokea utafanyaje. Sa hivi mwaka wa pili nakohoa bila pedi.

Kaombe ripoti ya operesheni yako ya kwanza, uone utepe ulipita nyuma ya mfupa wa kinena au kwenye mapaja, na mwulize daktari ameshawafanyia wangapi waliorudiwa na tatizo kama wewe. Akisita, tafuta mwingine.