Raba za bure zina mwenyewe

SWALI: Shikamoo kaka mhariri. Mdogo wangu yuko form three hapa Uyole, Mbeya, mrefu balaa, basketi anaijua, sasa kuna jamaa kamwambia vyuo vya Marekani kampuni za viatu ndo zinachagua wachezaji. Kweli au fiksi?

JIBU: Marahaba. Hazichagui, zinasukuma. Kule Nike, Adidas na Under Armour wanadhamini timu za vijana za kiangazi, dogo anavalishwa bure yuko sekondari bado, timu inapewa vifaa na hela ya safari, sasa ukifika muda wa chuo unadhani kocha wake atamsifia chuo gani, si kile chenye mkataba na kampuni ileile, maana wanataka akifika NBA asaini kwao. Agosti 2017 chuo kikuu cha Louisville walitangaza dili na Adidas, miaka 10 dola milioni 160, aisee! Mwezi uliofuata FBI wakamkamata bosi mmoja wa Adidas, James Gatto, kwa mpango wa kupenyeza dola 100,000 kwa familia ya mchezaji ili dogo aende Louisville. Gatto akahukumiwa miezi 9 jela, na kocha wa Louisville, Rick Pitino, akatimuliwa japo alikana kujua.

Toka 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa matangazo, ila wa kutoka huku viza ya masomo inambana. Kwa hiyo mdogo wako akazane na shule, matokeo yanaangaliwa kweli, na akitokea mtu na raba za bure asisaini karatasi yoyote wazazi hawajaisoma.